Pikapu ya kuvuta remorke Masisi: pima mteremko kabla ya kupima motere

Kamaradi wachimbaji, na ninyi mama na vijana mnaongoja nyumbani gari ya Rubaya ao ya Walikale ifike, leo tuongee juu ya gari.

Kila koperative inayofaulu kuweka franga kidogo pembeni inafika kwenye swali moja: tununue pikapu gani? Sasa kuna swali lingine nyuma yake. Kazi ya shimo imeanza kuomba mashine: kompresa ya upepo ya kutoboa jiwe, jenereta, pompi kubwa ya kutoa maji. Mashine hizo nyingi zinakuja zimekaa juu ya magurudumu yao mawili, na zinaomba gari ya kuzivuta. Kwa hiyo komite inatafuta pikapu yenye kroshe nyuma, itoke Goma, ipite Sake, ipande vilima vya Masisi, na pengine iteremke mpaka msitu wa Walikale.

Franga za kununua gari hiyo ni kotizasio za watu waliochimba miaka kwa miaka. Na watakaopanda juu yake ni watu walewale. Njo maana swali hili si la komite peke yake, wala la shofere peke yake. Sisi wa sindika tunasema hivi: watu wengi huchagua gari kwa nguvu ya kupanda, lakini inayorudisha watu nyumbani ni nguvu ya kujizuia wakati wa kushuka. Tufanye hesabu pamoja, kila mutu ataona.

Barabara yetu inaomba nini

Kutoka Goma mpaka Sake ni karibu kilomita 25, pembeni ya Ziwa Kivu, kwenye urefu wa karibu mita 1,460 juu ya bahari. Hapo gari yoyote inajisifu. Baada ya Sake njo mlima unaanza, kuelekea Mushaki, na vilima vya Masisi vinapita mita 2,000. Ukiendelea mpaka Walikale, unashuka msituni, chini ya mita 1,000. Maana yake ni kwamba mwenye kutoka Goma na mzigo wa kwenda Walikale atapanda kweli, lakini kwa jumla atashuka kuliko alivyopanda. Akirudi, milima inageuka.

Wazee wa Walikale wanakumbuka ginsi kazi ilivyokuwa bila gari. Miaka ya 2000, kasiterite ya Bisie ilitoka msituni juu ya migongo ya watu, magunia ya kilo 50, safari ya siku mbili kwa miguu mpaka Njingala. Kutoka huko ilipelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilishuka katikati ya barabara ya lami kwa kuibeba mpaka Goma. Barabara ilikuwa mbaya hata ndege ikawa rahisi kuliko kamio. Kwa hiyo hakuna mutu wa kwetu atakayedharau gari. Lakini gari iliyochaguliwa vibaya inarudisha mzigo juu ya mgongo wa mchimbaji kwa njia nyingine: deni, ao kilema.

Namba ya muuzaji

Ukifika kwa muuzaji, atakwambia: «Hii inavuta tani tatu na nusu, papa, usiogope.» Hasemi uongo. Hilux mpya ya mazuti na Land Cruiser pikapu ya 79, katika inchi nyingi mwenye kuzitengeneza ameandika kwamba zinavuta kilo 3,500. Lakini uliza namba ya pili ambayo hakuitaja. Hiyo ya kilo 3,500 ni ya remorke yenye fre zake yenyewe. Remorke isiyo na fre, kitabu kilekile kinasema kilo 750, basi. Kompresa nyingi za zamani zinazouzwa kwetu zina fre iliyokufa, ao iliyotolewa na fundi kwa sababu ilikuwa inasumbua.

Tena namba hizo zinapimwa wapi? Marekani, ambako watu wanavuta nyumba ndogo za magurudumu kwa kwenda likizo, mlima unaojulikana kwa kupima pikapu uko Arizona, barabara ya Davis Dam: kilomita 18 hivi, inapanda karibu mita 900. Ni kipimo cha maana, wanakifanya kukiwa na joto kali na klima ndani ya gari ikiwaka. Lakini ni lami kavu tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna Mushaki ya mwezi wa kumi na moja ndani yake.

Hesabu ya mkononi

Tuchukue mfano. Pikapu ya Land Cruiser ikiwa tupu ina karibu kilo 2,100. Weka shofere na watu wawili, mazuti, vyombo, mipira ya akiba, unga na maharagwe ya kambi: inafika kilo 2,900. Nyuma funga kompresa ya kilo 1,000, na kilo 100 za bomba na matope. Jumla ni kilo 4,000, tani nne.

Sasa mlima. Mlima wa asilimia 10 maana yake ukitembea mita 100 umepanda mita 10. Kwenye mlima kama huo, kila tani inakurudisha nyuma kwa nguvu ya kilo 100. Tani nne, kilo 400. Ongeza barabara yenyewe: kwenye lami magurudumu hayaombi kitu kikubwa, lakini kwenye udongo uliolegea yanaweza kuomba nguvu sawa na mlima mwingine wa asilimia 10. Sasa tuko kwa kilo 800. Ni kama kamba imefungwa nyuma ya gari, na upande wa pili wa kamba ng'ombe wakubwa wawili wananing'inia shimoni.

Je, motere itaweza? Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kazi hiyo inaomba karibu nguvu za farasi 60. Motere ya zamani ya Land Cruiser, ile ya lita 4.2 isiyo na turbo ambayo mafundi wanaita 1HZ, ina farasi karibu 130. Milimani hewa ni nyepesi, na motere isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa mita 2,000 itabaki na farasi 100 na kidogo. Bado inatosha. Hilux ya mazuti ya lita 2.5, ile ya farasi 102, iko na turbo, kwa hiyo mlima hauinyang'anyi nguvu sana. Nayo itapanda, polepole.

Basi mwenye kukwambia uongeze dola elfu kadhaa sababu ile ingine iko na farasi 204, mwulize: za kufanya nini, kama barabara yenyewe hairuhusu kupita kilomita 20?

Kinachokosekana kwanza ni kushika chini. Ili kuvuta kilo 800, magurudumu manne ya pikapu ya kilo 2,900 yanapaswa kupata ardhi inayoshika vizuri. Udongo mwekundu ukilowa hauwezi. Gari itazunguka magurudumu palepale, na remorke itaanza kuivuta pembeni. Kwa hiyo mambo matatu ya kuangalia kabla ya ukubwa wa motere ni haya: magurudumu manne yote yavute, gari iwe na zile vitesi za chini za milima ambazo mashofere wanaita rediksio, na mipira iwe na meno. Pikapu inayovuta magurudumu mawili ya nyuma peke yake, iwe mpya namna gani, si ya kufungia remorke Masisi.

Kushuka

Sasa tugeuke. Tani zetu nne zimefika juu, na mbele kuna mteremko wa mita 500. Ile nguvu yote iliyotumika kupanda iko bado ndani ya gari, na inataka kutoka. Kama unashuka kwa fre tu, itatoka kuwa moto. Nimefanya hesabu: moto huo unatosha kuchemsha karibu lita 60 za maji kutoka baridi. Ni bidoni tatu za njano. Waza bidoni tatu za maji zinachemka ndani ya vyuma vya fre vya gari moja.

Fre ikipata moto hivyo, haishiki tena. Mafuta ya fre yakizeeka yanabeba maji ndani yake, maji yanachemka, na mguu wa shofere unazama mpaka chini bila kitu. Hapo motere ya farasi 204 haina msaada. Remorke isiyo na fre inaendelea kusukuma kutoka nyuma, na kwenye kona inataka kupita mbele ya gari inayoivuta.

Dawa inajulikana na haina bei: shuka na vitesi ileile uliyopandia, ao chini yake, motere ishike gari. Fre ipigwe kwa nguvu kidogo kisha iachwe ipumue, isikanyagwe muda wote. Simama katikati ya mteremko, weka kipande cha mti chini ya gurudumu, na uongojee vyuma vipoe. Usizimwagie maji ghafla, chuma cha moto kinapasuka.

Na jambo moja la hatari kuliko yote: kushuka na gari imeachwa huru, bila vitesi, ao motere imezimwa, kwa kupunguza mazuti. Motere ikizimwa, msaada wa fre unaisha baada ya kukanyaga mara chache, na volani inakuwa nzito kama jiwe. Ukiona shofere anafanya hivyo, usimtukane kwanza. Uliza nani anamlipa, na namna gani. Kama boss anamkata mshahara kwa kila lita inayozidi, boss njo amezima ile motere.

Gari tatu mbele ya komite

Hilux ya kabini mbili. Inakaa watu watano kwa usalama, inakula mazuti kidogo, mafundi na vyombo vyake vinapatikana Goma. Ni nzuri kwa watu, chakula na remorke nyepesi, tuseme jenereta ndogo ya chini ya kilo 750. Kwa kompresa ya tani nzima isiyo na fre, hapana.

Land Cruiser pikapu ya 79. Shasi ngumu, motere rahisi ambayo fundi wa kijijini anaweza kuifungua. Inabeba karibu tani moja. Kati ya pikapu zote tunazoziona, kwa kuvuta ni hii. Shida ya nyingi zake ni kabini moja. Watu wawili ao watatu ndani, na wengine wote wanaenda nyuma, juu ya mzigo. Tutarudi hapo.

Fuso. Nayo si pikapu, lakini lazima iingie kwenye hesabu. Fuso inabeba kompresa mgongoni, haiivuti. Mashine ikifungwa vizuri juu ya kamio haisukumi mtu kwenye kona. Kama koperative yako itahamisha mashine mara mbili ao tatu kwa mwaka, kukodi Fuso siku hizo kunaweza kuwa bei ndogo kuliko kununua gari kubwa kwa ajili ya siku tatu. Tena panga siku hizo zianguke mwezi wa sita, wa saba ao wa nane, kabla mvua haijarudi. Walikale, ambako mvua haiishi, ongojea angalau siku ambazo barabara imekauka, na uulize madaraja ya miti yanabeba tani ngapi kabla ya kuyakanyaga. Barabara zenyewe vita vinazifunga na kuzifungua, kila mmoja anajua, na gari ya kununua haibadilishi hilo. Gari ya kukodi unaweza kuirudisha.

Minere inadanganya macho

Mchimbaji anajua, lakini mwenye kupakia mara nyingi anasahau: kasiterite na koltani ni nzito kuliko kitu chochote tunachopakia. Bidoni ya lita 20 ya maharagwe ina kilo kama 16. Jaza bidoni ileile kasiterite iliyosafishwa, inapita kilo 60. Kwa hiyo pikapu yenye tani moja ya minere inaonekana karibu tupu. Magunia yamefunika chini tu. Halafu mtu anasema: «Bado kuna nafasi, watu wapande.»

Nafasi iko, lakini uzito umeisha. Watu kumi wanaongeza kilo 600 ao 700, na wanakaa juu, mahali ambapo gari inapinduka upesi. Tena wanasahau uzito wa remorke: karibu sehemu moja ya kumi ya remorke inalala juu ya kroshe, na hiyo ni mzigo wa pikapu, si wa remorke. Kompresa ya kilo 1,100 imekwisha kukula kilo 110 za ruhusa yako. Kama kroshe hailaliwi kitu, si faida, maana remorke iliyo nyepesi mbele njo inayotikisa mkia.

Kwa hiyo sindika inaomba kanuni moja isiyo na mlango wa nyuma: siku ya kuvuta remorke, hakuna mutu nyuma. Aliye na kiti anakwenda, asiye na kiti anaongoja safari ya pili. Hata kama ni PDG wa shimo. Hata kama mvua inakuja.

Kabla ya kulipa

Gari nyingi zinafika kwetu zimekwisha kutumika, kupitia Dubai na bandari ya Mombasa. Nyingi zina volani upande wa kuume, na sisi tunatembea upande wa kuume wa barabara. Shofere wa gari hiyo haoni mbele ya Fuso bila kutoa pua ya gari nje. Kwenye milima, na remorke nyuma, hiyo ni sababu ya kupunguza bei ao kuacha.

Lala chini ya gari. Angalia shasi mahali kroshe imefungwa: kroshe iliyochomelewa kwenye bamba jembamba itang'oka. Tafuta mipasuko na rangi mpya iliyopakwa mahali pamoja. Nusa klachi baada ya kupanda. Kroshe iwe na mnyororo wa akiba, ili remorke ikichomoka isiende peke yake kwa watu wa sokoni. Taa za nyuma za remorke ziwake.

Kisha ombeni kipimo ambacho muuzaji mwenye haki hatakataa: gari ipakiwe mzigo wa kweli, itoke Sake, ipande Mushaki, ishuke tena, na fundi wenu awe ndani. Kupanda Mushaki kunapima radiateri. Kushuka kunapima mengine yote. Muuzaji akisema gari ni ya kujaribu Goma tu, kwenye lami, amekwisha kujibu.

Swali ni la mkutano wote

Sheria ya mines ya 2002, iliyogeuzwa 2018, inataka mchimbaji wa mkono awe ndani ya koperative. Na koperative za Kongo ziko chini ya sheria ya OHADA ya 2010, tangu inchi yetu iliingia OHADA 2012. Sheria hiyo inajua mkutano mkuu wa memba, si komite peke yake. Kwa hiyo memba yeyote anaweza kusimama na kuuliza, na mwenye kuuliza si adui wa komite.

Uliza maswali haya sita, na majibu yaandikwe kwenye kitabu cha mkutano. Mashine tunayotaka kuvuta ina kilo ngapi, na nani aliipima? Fre zake zinafanya kazi? Gari ina viti vingapi, na safari yetu ina watu wangapi? Tutavuta mara ngapi kwa mwaka, na kukodi kungekuwa bei gani? Shofere atalipwa kwa siku ao kwa safari, na ana haki ya kukataa kushuka usiku? Franga za kubadilisha fre na mipira kila mwaka ziko wapi?

Hilo la mwisho njo linaangusha koperative nyingi. Kununua kunapigiwa makofi. Vyuma vya fre havipigiwi makofi na mutu. Kama baada ya kulipa gari haibaki franga ya fre, basi gari hiyo ni kubwa kuliko mfuko wenu. Chukueni ile ya chini yake, mubaki na franga ya kushuka.